Kununua kaftani: kitambaa kwanza, mapambo baadaye

Kaftani haina pa kufichia ubovu. Haina kiuno kilichobanwa wala mikunjo ya kushonea kifua. Ni kipande cha mbele, kipande cha nyuma, tundu la kichwa, mpasuo kifuani na mikono mipana, basi. Nguo iliyokatwa hivyo inategemea kitambaa kwa kila kitu: namna inavyolala mwilini, inavyopitisha hewa, na itakavyoonekana baada ya kufuliwa mara kumi. Ndiyo maana hapa tumepanga vitambaa, hatukupanga maduka wala mitindo ya darizi.

Waosmani, watawala wa Uturuki ya zamani, waliipima kaftani kwa jicho hilohilo. Katika kasri la Topkapı mjini Istanbul, kaftani ya heshima iliyoitwa hil'at ilitolewa kwa mabalozi na maofisa, na ubora wa kitambaa ulilingana na cheo cha anayevishwa. Juu kabisa kulikuwa na seraser, hariri iliyofumwa kwa nyuzi za dhahabu na fedha. Kulikuwa pia na kemha, hariri nzito yenye nakshi, na mahameli ya çatma. Mji wa Bursa ulipata sifa kwa hariri hizo. Sultani akifariki, mavazi yake yalifungwa na kuhifadhiwa, ndiyo maana leo makumbusho ya Topkapı yana kaftani za karne nyingi. Ukizitazama, kata ni ileile rahisi, na fahari yote imo kwenye kitambaa.

Morocco iliichukua nguo hiyo na kuipa ufundi wake. Abd al-Malik, aliyetawala huko kuanzia 1576 hadi 1578, alikuwa ameishi Istanbul na alipenda mavazi ya Kiosmani. Wabunifu wa Ulaya waliigeukia karne ya 20. Paul Poiret wa Paris aliondoa koseti na kuleta majoho mapana yenye sura ya Mashariki, na miaka ya 1950 Balenciaga na Dior nao wakaijaribu. Mwaka 1966 mbunifu Thea Porter, aliyezaliwa Jerusalem na kukulia Damascus, alifungua duka Greek Street, London, akiuza kaftani za kale za Mashariki ya Kati kabla ya kubuni za kwake. Mwaka huohuo mbunifu wa Paris Yves Saint Laurent alifika Marrakech, Morocco, kwa mara ya kwanza. Miaka ya 1970 mbunifu Mmarekani Halston aliivalisha New York kaftani za hariri nyepesi, na mwaka 1975 mwigizaji Elizabeth Taylor alifunga tena ndoa na Richard Burton huko Chobe, Botswana, akiwa amevaa kaftani ya rangi mchanganyiko ya mbunifu Gina Fratini. Kwetu pwani nguo hii ina jamaa wa karibu: dera, ndugu wa dirac ya Wasomali. Takribani kila ushauri ulio hapa chini unalihusu dera pia.

Mpangilio huu ni kwa mtu anayevaa kaftani kwenye joto na unyevu: Dar es Salaam, Mombasa, Unguja, Muscat. Anayeishi Arusha, au anayenunua kwa ajili ya baridi ya Ulaya, anaweza kuipandisha krepu (namba 5) nafasi mbili juu.

1. Pamba nyepesi

Kwa matumizi ya kila siku hakuna kinachoishinda. Uzi wa pamba hubeba unyevu wa takribani asilimia 8 ya uzito wake katika hewa ya kawaida, ilhali poliesta hubeba chini ya nusu asilimia. Ukitoka jasho, tofauti hiyo unaisikia mgongoni. Tafuta voili, pamba nyembamba inayoangaza, ya gramu 60 hadi 90 kwa mita ya mraba ikiwa utavaa shimizi au gagulo ndani, au popelini, iliyofumwa kwa kushikamana zaidi, ya gramu 110 hadi 130 ikiwa hutaki kuvaa kitu cha ndani. Kama hakuna lebo, ingiza mkono ndani ya nguo uuelekeze kwenye mwanga. Ukiweza kuhesabu vidole, utahitaji shimizi.

Kitenge cha pamba kinafaa, ila kipya huwa na wanga unaokifanya kisimame. Kifue kabla hakijakatwa, ndipo utajua kinavyolala kweli. Khanga nayo hushonwa kaftani nzuri: doti moja ni vipande viwili vya takribani mita 1.5 kwa 1.1, kimoja mbele na kingine nyuma. Kikisimamishwa kwa urefu, jina la khanga linasimama wima ubavuni. Ukitaka lisomeke kwa kulala, urefu utakaobaki ni mita 1.1 tu, nao unafika katikati ya muundi kwa mtu wa kimo cha wastani. Mwambie fundi mapema unataka lipi.

Ubaya wa pamba ni makunyanzi na kurudi. Kitambaa ambacho hakijafuliwa hupungua asilimia 3 hadi 5. Kwenye urefu wa sentimita 140, asilimia 5 ni sentimita 7, na kaftani iliyofika kifundo cha mguu inaishia juu yake.

2. Reyoni (viskosi)

Hii ndiyo inayouzwa sana kwa jina la "pamba laini", na wauzaji wengi wanaamini hivyo kwa nia njema. Imetengenezwa kwa rojo la mbao, hunywa unyevu kuliko pamba, ni baridi mwilini, na hulala kwa uzuri ambao pamba haiufikii. Kwa uzuri wa kulala peke yake ingeshika nafasi ya kwanza.

Tumeishusha kwa sababu ya maji. Reyoni ikilowa hupoteza kati ya theluthi na nusu ya nguvu yake. Ukiikamua kwa kuipota, nyuzi hukatika kwenye mishono ya kwapa, na hapo ndipo madera mengi yanapochanikia. Hurudi zaidi ya pamba, mara nyingine asilimia 8. Kama unanunua ya mita, iloweke usiku kucha, ianike kivulini, ipige pasi, kisha ndipo ipelekwe kwa fundi. Kama ni iliyokwisha kushonwa, nunua yenye urefu wa ziada wa sentimita 5 au zaidi.

Kuitofautisha na pamba, chomoa uzi mmoja kutoka mshono wa ndani, ulowanishe katikati kwa mate, uvute. Wa reyoni hukatika palepale palipolowa bila ubishi. Wa pamba huwa na nguvu zaidi ukiwa na maji. Usitegemee moto hapa, kwa kuwa zote mbili huungua kwa harufu ya karatasi.

3. Kitani, au kitani na pamba

Ni baridi na imara, na kadiri inavyofuliwa ndivyo inavyolainika. Kitani tupu hukunjamana ndani ya robo saa ya kukaa garini, kwa hiyo wengi watafurahia zaidi mchanganyiko wa kitani na pamba au reyoni. Bei yake ndiyo inayoizuia isipande juu.

4. Hariri

Hii ni ya arusi, na kwa mwenye uwezo. Hariri huuzwa kwa momme, kipimo cha uzito wa kitambaa. Kwa kaftani tafuta 16 hadi 19. Momme 16 ni takribani gramu 69 kwa mita ya mraba, nayo ni nyepesi bila kuwa dhaifu. Chini ya 12 inafaa kwa mtandio tu.

Satini ya poliesta huuzwa kwa bei ya hariri kila siku, kwa hiyo chomoa uzi uuchome. Hariri hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni. Poliesta huyeyuka, hunuka plastiki, na kuacha punje ngumu nyeusi. Muuzaji akikataa usichomoe uzi hata mmoja kwenye nguo anayodai ni hariri, mrudishie.

Jasho na manukato huharibu rangi ya hariri kwapani. Jipake manukato kwanza, subiri yakauke, ndipo uvae.

5. Krepu ya poliesta

Haikunjamani, haichuji rangi kirahisi, na husafirishwa ndani ya begi bila shida. Kwa shughuli ya saa 3 usiku au ukumbi wenye kiyoyozi, ni chaguo la busara kabisa. Mchana wa Januari pwani, hapana. Ukiinunua, chagua yenye mikono mipana na mpasuo mrefu ubavuni ili hewa ipite.

6. Shifoni yenye bitana

Inapendeza kwenye picha. Tatizo ni bitana: mara nyingi ni poliesta nyingine, kwa hiyo unavaa tabaka mbili zisizonyonya jasho. Shifoni na bitana pia hurefuka kwa viwango tofauti, na baada ya miezi bitana huchungulia chini. Chagua ambayo bitana yake ni fupi kwa sentimita 3 au zaidi, na iliyoshikizwa mabegani tu.

7. Satini nyembamba ya poliesta

Tunakushauri uiache. Inang'aa dukani, lakini nyuzi zake huteleza: vuta mshono wa ubavuni kwa vidole viwili uone jinsi matundu yanavyofunguka kando ya uzi. Mshono huo hauna tiba. Tone moja la maji huacha alama, na kucha ikigusa, uzi unatoka.

Ya Morocco ina hesabu yake

Kaftani ya Morocco hulipiwa kazi ya mkono. Utepe uliosukwa unaoshuka katikati ya kifua ni sfifa, vifungo vya uzi uliofundikwa ni aakad, na mkanda mpana ni mdamma. Yenye tabaka mbili huitwa takchita. Itundike kwenye henga, urudi nyuma hatua tatu. Sfifa ikipanda na kushuka kama wimbi, utepe umevutwa wakati wa kushonwa na hautanyooka hata kwa pasi. Kisha vuta aakad moja moja taratibu. Kilichoshonwa vizuri hakichezi, na kwa ndani utaona uzi umepita ndani ya sfifa. Kilichobandikwa kwa gundi huinuka pembeni. Sfifa nzito juu ya kitambaa chepesi huvuta shingo mbele siku nzima, kwa hiyo mapambo mazito yadai kitambaa chenye uzito.

Mawe ya kubandika kwa joto yapo karibu kwenye kila kaftani ya bei nafuu. Sukuma moja kwa ukucha. Likitikisika, nusu ya mawe itabaki kwenye beseni. Hata yaliyoshika huachia yakipigwa pasi ya moto, kwa hiyo geuza nguo ndani nje na upige pasi ya chini.

Ukiwa dukani

"Saizi moja kwa wote" si kipimo. Beba futikamba. Laza nguo mezani upime kwapa hadi kwapa. Kwa kifua cha sentimita 100, unataka 60 hadi 65 kwa upande mmoja. Chini ya 58 si kaftani tena, ni gauni pana, na itabana ukikaa. Urefu upimwe kutoka begani karibu na shingo hadi kifundo cha mguu, kisha utoe sentimita 3. Nguo inayoburuta hata kidogo hulika pindo ndani ya wiki chache.

Ncha ya mpasuo wa kifuani ndipo kaftani huanza kuchanika, maana kila unapoivaa kichwa kinapita hapo. Lazima kwa ndani pawe na kipande cha kuimarisha au mshono uliorudiwa. Mipasuo ya ubavuni vivyo hivyo. Hesabu mishono kwenye sentimita 2.5: kati ya 10 na 12 ni nzuri, 6 ni haraka ya kiwandani. Ovaloki, ule mshono wa kuzuia kingo zisifumuke, peke yake bila mshono wa cherehani itaachia.

Rangi ijaribu kwa leso nyeupe yenye unyevu: sugua upande wa ndani mara 20. Rangi ikihamia kwenye leso, itahamia kwenye shimizi na mwilini. Kuloweka kwa chumvi au siki hakutaizuia, ingawa ushauri huo umesambaa sana. Chumvi husaidia rangi kuingia wakati wa kutia rangi, haiifungi baadaye.

Kununua tayari au kushonesha

Kwa mtu wa kimo cha sentimita 160, kaftani ndefu ya mikono iliyounganika na mwili inataka mita 3 za kitambaa chenye upana wa sentimita 112 hadi 115. Ongeza nusu mita kama kuna maua makubwa ya kulinganisha. Zidisha kwa bei ya mita, ongeza ufundi na uzi. Kama kaftani iliyo tayari inauzwa chini ya bei ya kitambaa chake peke yake, kitambaa hicho sicho kilichoandikwa. Kama inazidi jumla hiyo mara tatu, angalia mapambo ya mkono yanayohalalisha bei hiyo. Yasipokuwepo, nenda kwa fundi, kwa sababu kata ya kaftani ni rahisi kiasi kwamba fundi wa kawaida wa mtaani akipewa kitambaa kizuri ataishona sawasawa.

Wanaume wanaotafuta kaftani ya Afrika Magharibi watakutana na bazin, pamba yenye nakshi ndani ya ufumaji. Ile bora hufumwa Austria na Ujerumani, na Bamako ni maarufu kwa kuitia rangi, kisha hutiwa wanga na kupigwa kwa nyundo za mbao hadi ing'ae. Mng'ao huo hupungua kila inapofuliwa. Ifue mara chache, kwa mkono na maji baridi, itie wanga upya, na uipige pasi ikiwa bado na unyevu.