Bei za bunduki zimeshuka: mwindaji wa kulungu anunue lini, na anunue ipi?

"Shikamoo mjomba. Bei zimeshuka, ninunue?"

Mpwa wangu anaishi Columbus, Ohio, na amepania kuwinda kulungu kwa mara ya kwanza. Alikuwa amenitumia picha ya tangazo la AR-15 mpya, ile bunduki ya mtindo wa kijeshi inayojipakia yenyewe, bei chini ya dola 500. Nikamwitikia marahaba, kisha nikamwambia aiache. Bunduki ile hupiga risasi ya .223 (namba za namna hii ni majina ya vipimo vya risasi), na sheria ya Ohio hairuhusi kumpiga kulungu kwa risasi hiyo. Isitoshe, bei aliyoiona ikishuka haikuwa bei ya bunduki anayoihitaji. Hili la pili ndilo linaloponza wengi wetu tulioko huku Marekani, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Wazee wetu wa pwani walijua kwamba jahazi la kwenda Uarabuni hungoja kusi, na la kuja kwetu huletwa na kaskazi. Aliyechanganya pepo hizo alibaki bandarini miezi. Soko la bunduki la hapa nalo lina pepo mbili, hofu na msimu. AR-15 inasukumwa na hofu. Bunduki ya kuwindia inasukumwa na msimu.

Tuanze na hofu. Desemba 2012, baada ya mauaji ya watoto wa shule ya Sandy Hook, watu waliamini serikali itapiga marufuku AR-15 kama ilivyowahi kufanya kati ya 1994 na 2004. Rafu za maduka zikabaki tupu na bei zikaruka. Mwaka 2016 mambo yakaelekea huko tena. Wengi walitarajia Hillary Clinton angeshinda urais na sheria zingekazwa, hivyo viwanda vikaunda kwa wingi na maduka yakajaza maghala. Akashinda Trump. Hofu ikaisha usiku mmoja, mzigo ukabaki. Mauzo ya Ruger, kampuni ya kuunda bunduki, yakashuka kutoka dola milioni 664 mwaka 2016 hadi milioni 522 mwaka 2017. Kampuni mama ya Smith & Wesson iliporomoka zaidi, kutoka milioni 903 hadi milioni 607 kati ya mwaka wake wa fedha wa 2017 na ule wa 2018. Remington, kampuni iliyoanza 1816, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake Machi 2018, ikarudi huko tena Julai 2020.

Aliyetaka AR-15 na akawa na subira alinunua vizuri sana katika miaka ile. Kisha ukaja 2020, korona na maandamano na uchaguzi vikaja pamoja, na FBI ikafanya ukaguzi wa rekodi za wanaotaka silaha zaidi ya milioni 39 kwa mwaka mmoja. Ukaguzi mmoja si sawa na bunduki moja iliyouzwa, lakini unaonyesha upepo unavumia wapi. Tangu hapo idadi imekuwa ikipungua, na ndiyo maana mpwa wangu anaona matangazo yale.

Mimi nilinunua bunduki yangu ya kwanza Oktoba 2020. Dukani walibakiwa na bunduki mbili za bolti, zile za kupakia kila risasi kwa mkono, na muuzaji aliniambia nisipochukua siku hiyo nitakuta zimekwenda. Nikachukua. Nilipouliza risasi zake, hazikuwepo, na sikuzipata hadi msimu ukapita. Bunduki ilikaa kabatini mwaka mzima haijalia hata mara moja. Funzo hilo nililipia pesa nyingi, na ndilo ninalompa kila anayeniuliza: tafuta risasi kwanza, halafu ndipo uitafute bunduki inayozipiga.

Sasa upepo wa msimu. Hapa Wisconsin msimu wa siku tisa wa kulungu kwa bunduki hufunguliwa Jumamosi inayotangulia Thanksgiving, sikukuu ya Alhamisi ya nne ya Novemba. Kuanzia Septemba maduka yamejaa watu, na hakuna mwenye haja ya kupunguza bei. Msimu ukishafungwa muuzaji anatazama bunduki zilizobaki kama muuza samaki anavyowatazama vibua saa kumi na mbili jioni. Januari kuna maonyesho makubwa ya biashara ya silaha Las Vegas, ambako viwanda hutangaza matoleo mapya, na toleo la mwaka jana linakuwa la zamani hata kama halina kasoro yoyote. Kwa hiyo Januari hadi Machi ndiyo miezi ya mwindaji kununua. Kwa niliyoyaona mwenyewe, bunduki ileile hupungua dola 50 hadi 100, na mara nyingine duka linakuongezea darubini. Mei na Juni pia si vibaya, hasa kwa zilizotumika, kwa sababu watu wanahama nyumba na wanahitaji pesa. Ijumaa ile ya mapunguzo inayofuata Thanksgiving ina bei nzuri kweli, lakini ukinunua siku hiyo msimu unakaribia kufungwa na hujafanya mazoezi.

Je, bei zitashuka zaidi? Bunduki rahisi za bolti hazina pa kushukia sana. Zimeundwa tangu mwanzo ziwe za bei ndogo, na ndani ya bei hiyo kuna kodi ya serikali kuu ya asilimia 11, ambayo kwa sheria ya Pittman-Robertson ya 1937 hurudi kulinda wanyamapori na kuendesha mafunzo ya wawindaji. (Kodi hiyo naipenda. Mbuga ninayowinda inatunzwa kwa pesa za namna hiyo.) Anayengoja Ruger American mpya ifike dola 250 atangoja hadi mvi zimwote. Subiri msimu uishe, chukua punguzo la msimu, basi.

Huu ndio mpangilio wangu kwa mtu anayemtafuta kulungu wa mkia mweupe na hana bunduki nyumbani.

Ya kwanza ni bolti mpya ya bei nafuu. Ni bunduki ambayo kila risasi unaipakia kwa kuvuta na kusukuma komeo kwa mkono. Ruger American, Savage Axis II na Mossberg Patriot zote ni za kundi hili, na ziko kwenye dola 400 hadi 600 kutegemea duka na kama zina darubini. Nikilazimishwa kuchagua moja nachukua Savage Axis II kwa ajili ya triga yake, ile waliyoipa jina AccuTrigger, ambayo mwenyewe unaweza kuirekebisha uzito. Triga nzito humfanya mgeni aitikise bunduki wakati wa kufyatua, na hapo ndipo mnyama anajeruhiwa badala ya kufa. Kitako cha plastiki cha bunduki hizi hakipendezi, nakubali. Ukiipiga kutoka mita 100 hutakikumbuka kitako.

Darubini zinazokuja nazo kiwandani ni dhaifu. Kama mfuko unaruhusu, nunua bunduki tupu na utenge dola 200 au 300 za darubini ya Vortex au Leupold, kampuni ambazo zinatoa dhamana ya maisha.

Ya pili ni bolti iliyotumika. Wengine wangeiweka ya kwanza, na mimi mwenyewe kwa mnunuzi mzoefu ningeiweka ya kwanza. Savage 110 inaundwa tangu 1958, Remington 700 tangu 1962, na chuma cha bunduki iliyotunzwa hakizeeki kama gari. Mara nyingi mzee ameacha kuwinda, watoto wake wako mjini, na bunduki imepiga risasi zisizofika 100 katika miaka 20. Toa komeo, mulika tochi ndani ya mtutu kutokea nyuma, utazame kama mifuo, ile michirizi ya ndani, inang'aa na haina kutu. Tazama mdomo wa mtutu usiwe umegongwa. Chunguza skrubu: vichwa vilivyochubuka vina maana kuna mtu aliyekuwa akijifunza ufundi. Na ukikutana na Remington 700 iliyoundwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014, fahamu kwamba mwaka 2014 kampuni iliziita zirudishwe kwa sababu ya triga ya X-Mark Pro, ambayo ingeweza kufyatua bila kuguswa. Muuzaji akishindwa kuonyesha kuwa triga ilitengenezwa au ilibadilishwa, mpe pole na uondoke.

Ya tatu ni Tikka T3x. Inaundwa Finland na Sako, na ni bunduki bora kuliko zote nilizotaja. Komeo lake linateleza kama kisu kwenye siagi. Sababu ya kuiweka ya tatu ni bei, kwani inakaribia au kupita dola 800, na haishuki sana hata msimu ukiisha, kwa kuwa wanaoijua hawaingoji. Ukiwa na uhakika kwamba utawinda miaka 20, nunua hii moja kwa moja. Kulungu hatajua tofauti, bega lako na roho yako vitajua.

Ya nne ni Marlin 336, ile ya wenzo unaoushusha na kuupandisha chini ya triga, risasi .30-30. Kwa msitu mnene ambako humwoni kulungu zaidi ya mita 100 ni nyepesi na ya haraka. Lakini hapa hakuna bei iliyoshuka. Ruger ilinunua jina la Marlin mwaka 2020, bunduki mpya zinaundwa vizuri, na zinapita dola 1,000. Za zamani zenye muhuri wa JM (yaani John Marlin) kwenye mtutu watu wanazigombania.

Ya tano, na kwa mbali, ni AR-15. Bei yake ndiyo iliyoshuka kuliko zote, na ndiyo isiyofaa zaidi kwa kazi hii. Risasi ya .223 ni ndogo kwa kulungu hata pale inaporuhusiwa, na majimbo kama Illinois na Washington yamepiga marufuku kuuza bunduki hizi tangu 2023. Ukihama jimbo unaweza kujikuta na mali yenye matatizo ya kisheria.

Kuhusu aina ya risasi sitazunguka. Anayewinda Wisconsin, Minnesota ya kaskazini au Texas achukue .308 au 6.5 Creedmoor, kwa kuwa zinauzwa kila duka. Mwenye mwili mdogo au anayeogopa mateke ya bunduki begani achukue .243. Anayeishi Ohio, sheria inataka bunduki za namna hii zipige risasi zenye ganda lililonyooka, yaani lisilobanwa shingoni, kwa hiyo achukue .350 Legend iliyotoka 2019. Bolti za kundi la kwanza zinapatikana kwa risasi hiyo pia. Soma kijitabu cha kanuni cha jimbo lako kabla hujafungua pochi.

Sasa makaratasi, na hapa naomba usome polepole. Dukani utajaza fomu 4473 na rekodi zako zitakaguliwa. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kununua. Aliyeingia kwa viza ya uanafunzi au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi, ila kwa vighairi vichache, kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda. Kama hali yako ya ukaazi ina utata, muulize mwanasheria wa uhamiaji, usimuulize muuzaji. Kudanganya kwenye fomu hiyo ni jinai, na kwa mgeni kunaweza kumtoa nchini. Na usimnunulie ndugu asiyeruhusiwa, hata akiwa binamu uliyekua naye Kariakoo au Bukavu na amekupa pesa mkononi. Sheria ya 2022 inatoa hadi miaka 15 jela kwa anayemnunulia mwingine kwa njia hiyo.

Halafu kuna mafunzo. Hapa Wisconsin aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1973 lazima awe na cheti cha mwindaji, Texas ni kuanzia Septemba 2, 1971. Yachukue hata kama sheria haikulazimishi.

Kabati la chuma lenye kufuli linaingia kwenye bajeti ya bunduki, si la kununua baadaye. Nyumba zetu zina watoto wengi, na wa jirani wanaingia bila kubisha hodi kama tulivyolelewa. Bunduki ikae kabatini bila risasi, risasi zifungiwe mahali pengine, ufunguo usikae mahali ambapo mtoto anapajua. Kama pesa inatosha bunduki tu na haitoshi kabati, basi haijatosha bunduki.

Kwa dola 1,000 nzima, mimi ningegawa hivi: 450 bunduki, 250 darubini na vishikizo vyake, 150 kabati dogo, na 150 risasi za mazoezi. Boksi la risasi 20 za .308 linakwenda kama dola 25 hadi 45, kwa hiyo hizo si nyingi. Leseni, kibali cha kulungu na fulana ya rangi ya chungwa viko nje ya hesabu hiyo.

Mpwa wangu amekubali kungoja. Msimu huu atakuja Wisconsin akae nami kibandani bila bunduki, atazame na ajifunze kusikiliza msitu, na anisaidie kuchuna tukipata. Ameshajiandikisha darasa la wawindaji huko Columbus. Februari tutaitafuta .350 Legend.