Shoo ya Roy Orbison au ya Chuck Berry, uanze na ipi?

Huu ubishi wa video za matamasha ya hawa wakongwe wawili wa rock and roll wa Marekani hauishi. Ya Roy Orbison ilirekodiwa Los Angeles Septemba 1987, kituo cha TV cha Cinemax wakairusha Januari 1988, picha nyeusi na nyeupe tupu, na Desemba mwaka huohuo mzee akafariki, mi kila nikikumbuka hilo ile sauti inanichoma. Wageni ndo wananimaliza: Bruce Springsteen, Elvis Costello, Bonnie Raitt, k.d. lang, mastaa wote hao wamekubali kupiga magita na kuitikia nyuma yake, hakuna anayetaka kumfunika mwenye shughuli. Kwa sauti hii imeshinda.

Ya Chuck Berry ni Oktoba 1986, Fox Theatre, kwao St. Louis, akitimiza miaka 60, ila hii ilitoka kama filamu ya sinema. Keith Richards, mpiga gita wa Rolling Stones, ndo kasimamia bendi, Eric Clapton na Etta James wamo, na unaonyeshwa hadi mazoezi, Chuck anamkatisha Keith tena na tena mpaka gita lipigwe anavyotaka yeye. Ni ndefu, kama masaa mawili.

Una lisaa limoja tu na usiku umetulia, weka Roy. Unajifunza gita, tafuta Chuck wikendi.