Uzoefu wangu: Massey Ferguson 165 kuukuu, kutoka yadi ya Pongwe hadi shambani Maramba

Septemba mwaka jana nilinunua trekta kuukuu aina ya Massey Ferguson 165 ambalo dalali aliniambia kuwa linataka "marekebisho madogo tu". Nimelima nalo masika yote, na kwa kuwa watu wawili watatu wameniuliza kama nao wachukue la namna hiyo, nimeona nieleze nilivyoamua, nilipopatia na nilipokosea.

Nina ekari 18 upande wa Maramba, wilayani Mkinga, na majirani ambao kila msimu hutafuta trekta la kukodi. Trekta jipya lilikuwa nje ya uwezo wangu, na la mkopo sikulitaka. Hili nililikuta Pongwe, limeegeshwa chini ya mwembe, limepakwa rangi nyekundu mpya hadi kwenye nati za magurudumu. Rangi ya namna hiyo hainifurahishi hata kidogo, kwa sababu mtu hapaki nati rangi ila ana jambo hataki lionekane limefunguliwa. Bei iliyotajwa ilikuwa shilingi milioni 15.

Kilichonifanya nisiondoke ni aina yenyewe. Modeli ya 165 ilitoka mwaka 1964, ikiundwa Coventry, Uingereza, kwa injini za Perkins za Peterborough, na matrekta ya ukoo huo yakaendelea kutengenezwa na TAFE ya India na Millat ya Pakistani. Ndiyo maana spea zake hazijapotea madukani, na fundi yeyote wa makamo hapa Tanga ameshalifungua moja au mawili. Trekta kuukuu la jina lisilojulikana nisingelitazama mara mbili, hata kwa nusu ya bei.

Siku ya kulikagua nilikwenda na fundi mmoja mzee wa Ngamiani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bila kumwarifu dalali. Jambo la kwanza alilofanya mzee ni kuweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa baridi, akatikisa kichwa kuridhika, maana injini iliyopashwa moto kabla mteja hajafika huwaka vizuri hata kama imechoka. Tulipowasha ilitoa moshi mweupe kwa muda mfupi, kisha ukageuka bluu na haukukoma. Alifungua kifuniko cha kutilia oili huku injini ikinguruma, na pumzi ikatoka pale kwa mapigo, ikirusha vitone vya oili kwenye mkono wa shati lake. Ringi za pistoni zimekwisha, alisema, lakini maji ya rejeta hayana mafuta na oili haina rangi ya maziwa, kwa hiyo hedi, yaani kichwa cha injini, ni nzima.

Nilidhani hapo ndipo tungeaga. Yeye akaniambia: "Mwanangu, injini mbovu isikutishe, hiyo tutaisuka. Kaogope huko nyuma."

Alisema kweli. Injini ya trekta hili hufunguliwa na kusukwa upya kwa siku chache, na gharama yake hujulikana mapema. Giaboksi, klachi na haidroliki, yaani mfumo wa mafuta unaonyanyua jembe, ni habari nyingine. Klachi ya 165 haifikiwi mpaka trekta ligawanywe sehemu mbili katikati, injini ivutwe mbele na giaboksi ibaki nyuma, na kazi hiyo si ya kufanyia chini ya mwembe. Aidha, gia na haidroliki hutumia mafuta yale yale, zaidi ya lita 30. Maji ya mvua yakipenya kwenye mpira uliopasuka wa mkono wa gia, yanaharibu vyote viwili kwa pamoja. Tulipochomoa kijiti cha kupimia, mafuta ya nyuma yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Haidroliki ilinyanyua jembe la diski tatu bila kutetemeka, na tulipozima injini jembe lilibaki juu kwa muda wote tuliokunywa kahawa. Hilo lilinipa moyo, na baadaye nilielewa sababu: miaka mingi trekta hilo lilikuwa likivuta matela ya mkonge, halikuwa la kulima, hivyo mikono yake ya kunyanyulia ilikuwa haijachoka. Nilichosahau kufikiri ni kwamba trekta la kuvuta matela huchoka kwingine, kwenye klachi, breki na gia.

Tulielewana kwa milioni 11 na nusu. Kabla ya kulipa nililinganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kwenye kadi. Namba ya injini haikulingana, kwa kuwa injini ilikwisha kubadilishwa, nami nilikataa kutoa pesa mpaka muuzaji aliporekebisha kadi TRA, mamlaka ya mapato. Ilinichelewesha wiki mbili na sijutii hata siku moja kati ya hizo.

Matengenezo niliyapangia milioni 2 na nusu. Kosa la kwanza lilikuwa langu na la duka. Perkins zilizofungwa kwenye 165 ni za aina mbili, 203 ya mwanzo na 212 iliyofuata, na namba hizo ni ujazo wa injini kwa inchi za ujazo. Niliagiza "ringi za 165", nikapewa za 212. Injini yetu ilikuwa 203, ambayo tundu la silinda lake lina kipenyo cha milimita 91.4, wakati la 212 ni milimita 98.4. Fundi aliiweka ringi juu ya silinda ikakaa kama kawa juu ya chungu. Duka lilikataa kuzirudisha kwa sababu karatasi ilikuwa imechanwa, na zile sahihi zilichukua siku 19 kupatikana. Mvua za vuli zilianza nikiwa na trekta lisilo na hedi, na majirani niliowaahidi wakalimiwa na mtu mwingine. Hasara hiyo siiandiki kwenye gharama za spea, lakini ndiyo iliyoniuma kuliko zote.

Nilipomaliza injini, tairi mbili za nyuma, betri na waya zilizoliwa na chumvi ya pwani, nilikuwa nimetumia milioni 5 na laki 4.

Kazini sasa. Injini inawaka kwa mguso mmoja na oili haipungui. Kwenye udongo mwekundu wa Maramba linavuta diski tatu bila kulalamika, mradi usilime ardhi iliyokauka kama tofali. Kasoro iliyobaki ni Multi-Power, ule mkono unaobadilisha kasi ya juu na ya chini bila kukanyaga klachi. Kasi ya juu hushikwa na mgandamizo wa mafuta, na pakiti yake, yaani sahani za klachi yake ndogo ya ndani, ikichakaa huanza kuteleza mafuta yakipata moto. Asubuhi linakwenda vizuri, saa sita mchana linanguruma bila kusogea. Tulilijaribu Pongwe kwa nusu saa tu, asubuhi na baridi, kwa hiyo hatukuliona. Ningelizungusha saa mbili na jembe ardhini, ningeliona, na bei ingeshuka kwa milioni moja nyingine.

Kwa hiyo mchana nalima kwa kasi ya chini. Anayetaka kununua trekta lenye mkono huo ajue kwamba kwenye kasi ya chini injini haizuii magurudumu: ukiteremka mlima na tela lililojaa mahindi, umebaki na breki peke yake. Nimemkataza dereva wangu kuteremka na mzigo mpaka breki zifungwe mpya.

Ningelinunua tena, kwa milioni 10, na ningelinunua Juni badala ya Septemba. Vuli ijayo ikishapita na shamba likishapandwa, tutaligawa trekta katikati. Mzee ameshaniagiza nitafute jeki mbili na magogo ya mnazi ya kulikalishia, na pakiti ya Multi-Power ninunue pamoja na klachi mpya, hata kama iliyopo bado inashika, kwa sababu hana mpango wa kulifungua mara mbili.