Wikiendi Hortobágy kwa wafugaji wa Hungaria, uzoefu wangu

Wadau mlioko Hungaria kimasomo, kama kila mkipata wikiendi mnakimbilia Budapest kupiga picha kwenye madaraja basi kuna kitu kikubwa mnakikosa. Mimi nasoma Debrecen na kwa sisi wa huku Hortobágy ni pua na mdomo, unapanda treni inayoelekea Füzesabony na saa moja haiishi umeshashuka. Nilikuwa naisikia tu kwa wenzangu darasani, wengi wakisema ni sehemu ya watoto wa shule ya msingi kupelekwa na walimu, hamna kitu kule, majani tu. Aisee majani yapo kweli, tena mpaka macho yanachoka, lakini kusema hamna kitu si kweli kabisa.

Kwa asiyejua, Hortobágy ni mbuga ya nyasi tambarare mashariki mwa nchi, ilitangazwa hifadhi ya taifa 1973, ndiyo ya kwanza kwa Hungaria, halafu 1999 UNESCO wakaiingiza kwenye urithi wa dunia. Ukubwa wake ni kama hekta 80,000 hivi. Kinachoitofautisha na hifadhi tulizozoea sisi ni kwamba hapa mchungaji hajafukuzwa, yaani mifugo ni sehemu ya hifadhi yenyewe, ng'ombe na kondoo wanachungwa humo humo na ufugaji wenyewe ni mojawapo ya sababu za UNESCO kupatambua. Mimi ni mtu wa Karagwe, nimekua naona ng'ombe wa pembe ndefu, kwa hiyo hili jambo lilinigusa kuliko nilivyotegemea na ndiyo maana naandika kwa urefu.

Ukishuka stesheni unatembea kidogo unafika kijijini. Kijiji chenyewe kidogo tu, kuna lile daraja la mawe lenye matao tisa lililojengwa kati ya 1827 na 1833, pembeni yake mgahawa wa zamani na ng'ambo ya barabara makumbusho ya wachungaji ambayo zamani lilikuwa banda la mikokoteni. Makumbusho nilipita haraka, makoti ya sufu yaliyotariziwa ni mazuri sana ila maelezo ni mengi na mimi nilikuwa nawahi mkokoteni wa kwenda kuona wanyama.

Huo mkokoteni sasa. Unavutwa na farasi, mnakaa kwenye mabenchi, mnapelekwa mbugani kuona mifugo na maonyesho ya wachungaji wa farasi, wale wanaovaa nguo za bluu pana na kofia nyeusi. Nilidhani itakuwa maigizo ya watalii na kuna sehemu ni maigizo kweli, kama yule jamaa anayesimama wima mguu mmoja mgongoni kwa farasi huyu na mwingine mgongoni kwa farasi yule huku anaendesha wengine watatu mbele yake, inapendeza lakini unaona kabisa ni ya kupigiwa makofi. Kilichonishika mimi ni kitu kidogo zaidi. Mchungaji alimwambia farasi wake alale, farasi akalala chini ubavu, kisha yule bwana akaanza kupasua mjeledi juu yake, sauti inalia kama risasi na farasi hata sikio halichezi. Tukaelezwa kwamba kwenye mbuga isiyo na mti wala kichaka, kujificha ni kumlaza farasi chini na wewe kulala naye, na asipozoea mlio atakurupuka mkaonekana wote. Halafu tandiko lao halina mkanda wa kufunga tumboni, limewekwa tu juu ya mgongo, yaani ukipanda vibaya unaondoka nalo. Mtu alijaribu kulishika akaona linateleza, wote tukabaki tunaangaliana.

Ng'ombe wao ni wa kijivu, wakubwa, pembe ndefu zinapanda juu. Nilitoa simu nikamwonesha mzee aliyekuwa anaendesha mkokoteni picha za ng'ombe wa nyumbani. Kiingereza chake kidogo na Kihungaria changu ni cha kununulia mkate, lakini mzee alisimamisha farasi akaichukua simu kabisa, akaisogeza karibu na uso, akapima unene wa pembe kwa viganja vyake halafu akaniuliza kwa ishara kama wanakamuliwa. Nikamwambia ndiyo. Akanionesha ndama waliokuwa pembeni, wana rangi nyekundu ya kahawia, na akanifafanulia kwa kidole kwamba wanazaliwa hivyo kisha wanageuka kijivu wakikua. Sikuwa najua hilo. Hawa ng'ombe miaka ya 1960 walibaki wachache mno, karibu kupotea kabisa kwa sababu kilimo kilihamia kwenye matrekta na ng'ombe wa maziwa mengi, wakaokolewa kwa makusudi. Nilifikiria sana wazee wetu wanaoambiwa kila siku wauze ng'ombe wa asili walete wa kisasa.

Kuna na kondoo wanaitwa racka, pembe zimejisokota zinatoka kichwani kama msumari wa skrubu, dume na jike wote wanazo. Mangalica pia wapo, nguruwe wenye manyoya ya kujikunja, na nyati wa maji. Kwa anayependa wanyama pori zaidi, kuna bustani ya wanyama pale jirani yenye mbwa mwitu wa Ulaya na farasi wa Przewalski, wale farasi pori ambao tangu 1997 wanalelewa kwenye eneo lao maalumu ndani ya hifadhi.

Chakula. Hapa nieleweke vizuri kwa sababu najua wengi wetu tunauliza hili kwanza. Chakula cha wachungaji kinaitwa slambuc, kinapikwa kwenye chungu cha chuma kinachoning'inizwa juu ya moto wa kuni, wanayeyusha mafuta ya nguruwe, wanakaangia kitunguu na tambi za vipande vipande, wanaweka viazi na paprika (unga wa pilipili nyekundu) na maji, kisha hawakorogi bali wanakizungusha chungu chenyewe na kukirusha ili chakula kijigeuze, na kwa mapokeo yao inatakiwa mara 32. Mama aliyetupikia alikuwa anahesabu kwa sauti, mkono mmoja kwenye mpini, na watu wote kimya tunamsubiri. Kitamu, kizito, kinashibisha siku nzima, ule ukoko wa chini ndio tuliougombania. Ila ni nguruwe, kwa hiyo Waislamu na msiokula muulize mapema kabla hakijawekwa motoni, maana hapa mafuta ya nguruwe yanaingia hata kwenye vitu usivyotegemea. Mwenzangu mmoja wa Zanzibar alikula supu ya samaki ya paprika baada ya kuhakikishiwa haina hayo mafuta, akasema ndiyo chakula cha kwanza Hungaria kilichomkumbusha pilipili. Mimi kesho yake nilikula pale mgahawani ile pankeki nyembamba iliyojazwa nyama na kumwagiwa rojo ya paprika na malai chachu. Nzuri ila bei yake ni ya watalii, kwa mwanafunzi wa skolashipu unakula mara moja unaondoka.

Sasa kama unaenda, nenda Oktoba. Nasema hivi kwa sababu ya korongo. Ni ndugu zake yule korongo mwenye taji wa kwenye bendera ya Uganda, ila hawa ni wa kijivu, wanatoka kaskazini mwa Ulaya wanashuka kukwepa baridi na Hortobágy ndiyo stesheni yao kubwa, msimu ukikolea wanazidi 100,000. Mchana wanatawanyika mashambani kula mabaki ya mahindi, jioni wanarudi kulala wakiwa wamesimama kwenye maji ya kina kifupi ambako mbweha hawezi kuwafikia kimyakimya. Tuliingia upande wa mabwawa ya samaki, Halastó, kuna hadi katreni kadogo ka reli nyembamba kanakokupeleka ndani, tukasimama kwenye mnara wa mbao. Jua linazama unaanza kusikia kelele kwa mbali kabla hujaona chochote, kisha mistari inatokea, mmoja, mitano, halafu huwezi tena kuhesabu, anga yote inapiga kelele na wanapita chini kiasi unasikia mabawa. Kuna dada alikuwa pembeni yangu analia na hata hakujificha. Nami nimeishi karibu na wanyama maisha yangu yote na nakiri sijawahi kuona kitu cha namna ile.

Kesho yake tukaenda hospitali ya ndege iliyoko kijijini hapo hapo. Ipo kweli, wanatibu ndege waliogongwa na magari au kupigwa na nyaya za umeme. Kulikuwa na korongo weupe (hawa ni ndege wengine kabisa, si wale wa kijivu, Kiingereza wanaitwa stork), wale wanaojenga viota juu ya nguzo vijijini, wenzao waliondoka tangu Agosti wao wamebaki kwa sababu ya mabawa. Hao hao ndio wanaopita Uturuki na bonde la Nile mpaka kwetu Afrika Mashariki na wengine wanafika Afrika Kusini, ukiwaona mashambani kwetu msimu wa viwavijeshi ujue huenda mmoja alilelewa juu ya nguzo ya kijiji cha Hungaria. Kama una hela ya kuacha kwenye sanduku la michango, acha pale.

Yasiyonifurahisha yapo. Gesti tuliyolala hita ilikuwa ya kubembeleza na Oktoba huku usiku ni baridi ya kweli, mwenye nyumba tulipompigia alisema atakuja asubuhi. Treni wikiendi ni chache, ukiikosa unakaa stesheni muda mrefu na jioni maduka yanafungwa mapema. Maelezo ya Kiingereza kwenye ziara yalikuwa mafupi kuliko ya Kihungaria, mwongozaji anaongea dakika nzima watu wanacheka halafu sisi tunapewa sentensi moja. Kwa hayo nakata nyota moja, zinabaki nne.

Cha kufanya: tiketi za hifadhi na kale katreni ulizia mapema kwenye kituo cha wageni maana katreni hakaendeshwi majira ya baridi, kadi ya mwanafunzi usiiache kwa sababu inapunguza nauli, beba forinti taslimu kidogo, soksi nzito, na darubini hata ya kuazima. Na jioni ya korongo fika mnarani saa nzima kabla jua halijazama, wale wanaokuja kwa kuchelewa wanapangwa nyuma na hawaoni kitu.