TAHADHARI: Kuna tapeli anauza nyumba, tiketi na viwanja vya hema vya California kwa Kiswahili safi

Ndugu zangu mlio Marekani, hasa wazazi wenzangu mnaopanga kuwazungusha watoto California kwa gari likizo hii ya kiangazi, naomba msome hapa kabla hamjatuma hata dola moja.

Kuna mwanaume anapita kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa Afrika Mashariki akijitambulisha kuwa wakala wa safari, anaishi Los Angeles. Anauza anachokiita "kifurushi cha familia": nyumba karibu na Disneyland, tiketi za Disneyland, tiketi za boti ya kisiwa cha Alcatraz kule San Francisco, na kiwanja cha hema ndani ya hifadhi ya Yosemite. Sisi alituchukulia dola 2,310. Katika vyote alivyotuuzia, hatukupata hata kimoja.

Namba yake ya simu siiandiki kwa sababu ameshaibadilisha mara mbili ninavyojua. Mkishika namba, mtamkosa. Mshikeni kwa tabia yake.

Kwanza, haanzi na biashara. Anaanza na salamu ndefu, anakuuliza kwenu wapi. Nilipomwambia mimi ni wa Tanga, akasema mama yake mdogo ameolewa Muheza, akanitajia na soko. Yeye akamwamkia mume wangu shikamoo. Mimi aliniita dada tangu siku ya kwanza. Anapenda kutuma sauti kuliko kuandika, tena usiku baada ya chakula, na nyuma yake unasikia mtoto analia na mwanamke anambembeleza kwa Kiswahili. Unasikiliza ukiwa jikoni unaosha vyombo, unajiona kama unaongea na mtu wa nyumbani. Kwa lugha ile ile niliyolelewa nayo ndiyo alinipata. Angekuwa mtu mwingine ananiandikia Kiingereza, ningemuuliza maswali ishirini.

Pili, hataki kadi. Nilimwambia nalipa kwa kadi ya mkopo, akasema mashine inamkata asilimia nne na yeye hataki kuiongeza kwenye bei ya dada yake. Akaniomba nitume kwa Zelle, ile huduma ya kutuma pesa kutoka benki kwenda benki, kwa jina la mwanamke aliyesema ni mhasibu wao. Baada ya dakika kumi nikapata risiti nzuri yenye nembo na mhuri.

Hapa kuna jambo linaniuma mpaka leo. Binti yangu wa miaka 14 ndiye aliyeishtukia ile nyumba. Tulikuwa mezani tunaangalia picha kwenye simu, akakuza picha ya sebule kwa vidole, akaniuliza, "Mama, mbona dirishani kuna bahari?" Ni kweli, nyuma ya pazia palionekana maji ya buluu na tanga dogo jeupe. Anaheim, mji ilipo Disneyland, hauko ufukweni. Ukiwa Disneyland, bahari ni zaidi ya maili kumi. Nilimwambia aache ujuaji, mjomba anatusaidia. Nimeshamwomba msamaha. Wazazi wenzangu, hawa matineja wanazijua picha za mtandaoni kuliko sisi. Wakaeni karibu mnapopanga safari, na wakisema kitu, wasikilizeni.

Tuliondoka Phoenix Alhamisi asubuhi, mwezi wa sita, tukashika I-10, tukavuka mto Colorado pale Blythe jua likiwa linachoma hata kwenye usukani. Watoto walikuwa wametengeneza orodha yao ya nyimbo, wanabishana nani akae mbele. Tulifika Anaheim karibu saa kumi na moja jioni. Kisanduku cha funguo tulichoambiwa kipo pembeni ya mlango hakikuwepo. Tukagonga. Akafungua bibi mmoja mwenye aproni, ndani kunanukia vitunguu vinavyokaangwa. Akatutazama, akayatazama masanduku yetu, na kabla sijamaliza kueleza akaniambia kwa upole kwamba sisi ni familia ya tatu. Nyumba ni yake, hajawahi kuipangisha hata siku moja. Alituletea maji ya baridi kwenye glasi, tukanywa tumesimama pale pale kwenye ngazi. Mwanangu wa kiume, ana miaka 16, alilibeba lile boksi la barafu akalirudisha kwenye gari bila kuambiwa na mtu, akakaa kiti cha nyuma, akafunga mlango.

Nilimpigia simu yule tapeli, ikaita mara mbili ikakatwa. Nikatuma sauti. Picha yake ya profaili ikapotea nikiwa naiangalia.

Usiku ule tulilala hoteli ya barabarani kwa pesa tuliyokuwa tumeiweka ya mafuta. Asubuhi tukasema angalau tiketi za Disneyland tunazo, kila moja nilikuwa nimeinunua dola 220. Pale getini yule dada aliichanganua tiketi ya mume wangu, kwenye kifaa chake ikatokea sura ya mtu mwingine kabisa. Ndipo nikaelewa. Zilikuwa tiketi za siku nyingi ambazo mtu ameshazitumia siku kadhaa, halafu zile siku zilizobaki ndizo tunauziwa sisi. Disneyland wanakupiga picha unapoingia mara ya kwanza, na tiketi hiyo haiwezi kuhamishiwa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo yeyote anayekuambia "zimebaki siku mbili, nakupa kwa bei ya chini," hata kama tiketi yenyewe ni halisi, kwako wewe ni karatasi tu. Mjue pia kwamba kule mtoto akishafika miaka 10 analipa kama mtu mzima. Ndiyo maana sisi wenye watoto wakubwa tunaitafuta nafuu sana, na huyu bwana analijua hilo.

Yosemite ndiyo nataka niieleze kwa kirefu, maana huko wengi wataumia. Yule mtu aliniambia ana "mtu wake ndani" na kiwanja cha hema pale Upper Pines, kambi iliyo bondeni, kitanigharimu dola 160 kwa usiku. Nililipa usiku tatu. Sasa sikilizeni. Kiwanja cha Upper Pines bei yake halali ni dola 36 kwa usiku, na mnaruhusiwa kulala watu hadi sita kwenye kiwanja kimoja. Unaweka nafasi mwenyewe kwenye tovuti ya serikali inayoitwa Recreation.gov. Viwanja vya kule bondeni hufunguliwa tarehe 15 ya mwezi, saa moja asubuhi kwa saa za California, miezi kadhaa kabla ya tarehe za kulala, na kwa miezi ya kiangazi huisha kwa dakika chache. Ugumu huo ndio mtaji wake. Anajua umeshajaribu ukakosa, anakuja na "mtu wake ndani". Lakini hata angekuwa na kiwanja cha kweli mkononi, asingeweza kukuuzia. Ukifika pale kambini unaonyesha kitambulisho, na aliyeandikwa kwenye nafasi iliyowekwa ndiye anatakiwa awepo. Nilipopiga simu kuuliza ile namba ya nafasi aliyonipa, niliambiwa haimo kwenye mfumo.

Kama umekosa, dawa ni kuingia kwenye ile tovuti tena na tena. Watu huahirisha safari zao, na viwanja vyao hurudi pale pale kwenye mfumo. Dada mmoja wa kanisani kwetu alipata usiku mbili kwa namna hiyo, alikuwa akiangalia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Za Alcatraz sikupoteza muda kuzijaribu. Karatasi yake iliandikwa boti inaondoka gati la Pier 39. Boti zinazoshusha watu kisiwani zinatoka Pier 33, na kampuni yenye ruhusa ya kushusha watu pale ni moja tu. Zingine zinakizunguka kisiwa kwa majini na kukurudisha. Tulifuta San Francisco yote, tukaenda moja kwa moja upande wa Yosemite, tukalala Oakhurst nje ya hifadhi, tukawa tunaingia mchana na kutoka jioni. Nashukuru tulifika. Mnapotoka kwenye lile handaki la Wawona bonde lote linafunguka mbele yenu, mwamba wa El Capitan kushoto na maporomoko kulia. Mwanangu alitoa vipokea sauti masikioni kwa mara ya kwanza tangu Anaheim.

Kuhusu pesa. Benki yangu ilifungua malalamiko, baada ya siku chache wakanijibu kwamba niliituma mwenyewe kwa hiari yangu, hivyo hawawezi kuirudisha. Zelle wenyewe wanashauri umtumie mtu unayemfahamu na kumwamini tu, kwa sababu pesa inafika papo hapo. Ningelipa kwa kadi ya mkopo, sheria ya Marekani ingenipa haki ya kupinga ile ankara, siku 60 tangu itumwe. Ile asilimia nne aliyodai kunionea huruma ndiyo ingeniokoa.

Kuna swali moja ambalo ningelijua mapema lisingetokea hili. California ina sheria inayomtaka muuzaji wa safari ajiandikishe kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na namba yake ya usajili, yenye herufi CST mbele, aiweke kwenye matangazo yake. Unaweza kuitafuta kwenye tovuti ya ofisi hiyo. Yeyote anayesema ni wakala yuko Los Angeles, mwombe namba ya CST kabla hata ya kuuliza bei. Rafiki yangu wa Dallas alimuuliza huyu huyu bwana swali hilo. Akamtumia picha ya leseni ya udereva, tena jina si lile la Zelle.

Kwa nyumba za likizo, Los Angeles na San Francisco zinadai namba ya usajili, San Diego inadai leseni, na Anaheim nako lazima kuwe na kibali cha mji. Mwenye nyumba halali anayo namba hiyo na hakasiriki kuulizwa. Ichukue ile picha ya sebule pia, itafute kwenye Google kwa picha yenyewe. Sisi tulifanya hivyo baadaye, tukaikuta kwenye tangazo la nyumba inayouzwa jimbo lingine kabisa.

Na kitu kingine, kifupi. Wiki mbili baada ya kurudi nilipata meseji kwamba nadaiwa ushuru wa daraja la Golden Gate, nibonyeze kiungo nilipe leo leo au nitafungiwa leseni. Sisi San Francisco hatukufika! Sijui kama ni yeye au ni wengine, ila FBI walishatoa onyo kuhusu meseji za aina hii tangu Aprili 2024. Kwa anayevuka kweli, pale darajani hakuna wa kupokea pesa mkononi tangu 2013. Kamera zinasoma namba ya gari, na kama hujalipa, ankara inamfuata mwenye gari kwa posta. Kama gari ni la kukodi, waulizeni waliowakodisha mnapochukua funguo.

Kama umeshamtumia pesa, usimwambie kwamba umegundua. Hifadhi kwanza zile sauti zote na skrinshoti zenye tarehe, maana akikushtukia anafuta alichoweza kufuta. Kisha piga benki siku hiyo hiyo, halafu andikisha taarifa kwenye ReportFraud.ftc.gov, tovuti ya serikali ya kuripoti utapeli, na kwenye IC3, kituo cha FBI cha malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni. Mimi nimeandikisha kote kuwili, na polisi wa kwetu wamenipa namba ya jalada. Mwenye risiti yenye jina la yule "mhasibu" aniandikie faraghani, tuziunganishe. Tumeshakuwa familia nne.

Na wewe uliyeahidiwa nyumba ya Anaheim kwa Julai au Agosti, sebule yenye pazia jeupe na bahari dirishani, usiende. Pale anaishi bibi wa watu, na ameshachoka kufungua mlango na kuwakuta watoto na masanduku.