Kibuyu chirizi kama zana ya kufundishia afya na malezi katika shule ya msingi

Shule nyingi za msingi nchini Tanzania zina kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia mikono linaloinamishwa kwa mguu, au ziliwahi kuwa nacho, lakini wengi hukichukulia kuwa kifaa cha kushikiza tu mpaka bomba lifike. Mimi ni mwalimu wa afya katika madarasa ya chini, na nimekitumia sambamba na ndoo ya koki na kile chombo cha chuma cha kukanyaga kinachoundwa na mafundi wa kuchomelea. Kwa kazi ya kufundisha, naona kibuyu chirizi kinavizidi vyote viwili.

Muundo wake hauna fumbo. Nguzo mbili zenye panda huchimbiwa ardhini, mti mwembamba hulazwa juu yake, na dumu la lita 5 lililokwisha mafuta ya kula hutundikwa hapo kwa mshikio wake. Tundu dogo hutobolewa kwa msumari wa moto karibu na shingo ya dumu, kisha kamba hufungwa shingoni na kushushwa hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Mtoto akikanyaga, dumu huinama na maji huchirizika. Akiondoa mguu, maji hukatika. Hakuna anachokigusa kwa mkono isipokuwa sabuni.

Hapo ndipo ndoo ya koki inaposhindwa. Shule zilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni 2020, baada ya kufungwa kwa sababu ya korona, ndoo hizo zilikuwa kila mahali, na zilisaidia. Hata hivyo, mtoto anayetoka chooni hufungua koki kwa mkono mchafu, akanawa, kisha akaifunga koki ileile kwa mkono aliokwisha kuusafisha. Chombo cha chuma kimeondoa tatizo hilo, lakini kikiharibika husubiri fundi na fedha, ilhali kamba ya kibuyu chirizi ikikatika, mwanafunzi wa darasa la nne huifunga mwenyewe kabla ya kengele ya mapumziko.

Thamani yake kubwa zaidi imo katika somo lenyewe. Katika somo la Kutunza Afya na Mazingira, watoto wa darasa la kwanza na la pili hujifunza kwamba mikono hunawiwa kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, na wengi wao hulijibu swali hilo kwa sauti moja bila kukosea, kisha wakaenda kunywa uji bila kunawa. Wakikijenga kibuyu chirizi wenyewe, mambo hubadilika. Huanza kugawana kazi, kupanga zamu ya kujaza maji, kusimama kwenye foleni na kumpisha aliye mdogo. Zamu za maji huwa nazipanga kwa kufuata orodha ya mahudhurio, wavulana kwa wasichana, kwa sababu zikiachwa zijipange zenyewe, ndoo huishia vichwani mwa wasichana. Mazungumzo yanayozuka juu ya jambo hilo ni elimu ya jamii ambayo sijaipata kwenye bango lolote la ukutani.

Kunawa uso nako kusisahauliwe. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Kongwa mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata trakoma kali, ugonjwa wa macho unaoambukiza. Mtoto mwenye tongotongo huchekwa na wenzake, kwa hiyo kipindi kinachoanza na maji na macho hufika haraka kwenye heshima: namna ya kumwambia mwenzako akanawe bila kumwaibisha mbele ya darasa.

Kasoro zipo, na kubwa kuliko zote ni sabuni. Kipande kilichotundikwa kwa kamba huyeyuka mvua ikinyesha, huibwa na kunguru, au huisha na asitokee wa kukirudishia, na maji matupu hayaondoi vijidudu kama yanavyoviondoa yakiwa na sabuni. Nimeona ni afadhali kuchanganya sabuni ya unga na maji katika chupa iliyotobolewa kifuniko, ambayo kiranja wa afya huitoa asubuhi na kuirudisha ofisini jioni. Chini ya dumu pachimbwe kishimo na kujazwa kokoto, la sivyo patakuwa tope. Mtoto mwenye ulemavu wa miguu hawezi kukanyaga kijiti, kwa hiyo dumu moja litundikwe chini zaidi, liinamishwe kwa kiwiko. Kwa shule yenye mamia ya wanafunzi, kibuyu chirizi kimoja hakitoshi kitu; huisha maji kabla foleni haijafika katikati.

Jambo linaloniumiza ni kuona vifaa hivi vikijengwa kwa ajili ya Siku ya Kunawa Mikono Duniani, tarehe 15 Oktoba, halafu Novemba vikiwa vikavu. Shule inayotaka kuanza ijenge karibu na vyoo na karibu na jiko la uji, na kamati ya shule iiweke sabuni katika bajeti ya kila mwezi kama inavyoweka chaki. Kamati hiyohiyo isiache kudai bomba, kwa kuwa kibuyu chirizi hubana matumizi ya maji, lakini hakiyaleti shuleni.