Tahadhari: anauza tina ya gereji kwa jina la rangi ya ndege za mfano, hapa Arusha

Ndugu zangu wa ndege za mfano, naandika nikiwa na hasira. Yule kijana anayetangaza vifaa vyetu kwenye simu na kukutana na wateja karibu na Mnara wa Saa ameniuzia tina (kiyeyusho kikali) ya wapiga rangi magari iliyotiwa rangi, ndani ya chupa yenye nembo ya Tamiya, kampuni ya Japani ya vifaa vyetu, akidai ni ile rangi nyepesi ya kujaza mifereji myembamba ya maungio ya mabati, na ile ndege yangu ya mfano ya Dakota mnayoijua, yenye rangi za East African Airways, imeharibika bawa zima la kulia.

Najua wapo watakaocheka, kwa hiyo nieleze kwa nini nilimwamini. Alikuja na bawa la majaribio lililopakwa rangi ya fedha na vanishi ya kung'aa. Akagusisha ncha ya brashi mahali mistari miwili ya maungio ya mabati inapokutana, na rangi nyeusi ikakimbia yenyewe ndani ya mfereji hadi ukingoni mwa bawa, bila yeye kuiburuta. Ilipokauka, akalowesha kijiti cha pamba kwa tapentaini kidogo na kufuta kutoka ukingo wa mbele kwenda wa nyuma, ili uchafu hafifu uliobaki ufuate mkondo wa hewa. Mtu asiyeijua kazi hafuti hivyo. Alijua hata jinsi oili inayovuja kwenye injini za Dakota inavyochafua bawa nyuma yake. Kwa maelezo hayo, nani asingelipa? Nilimtumia shilingi 35,000 palepale. Chupa ya maonyesho aliirudisha mfukoni mwa koti, na yangu akaitoa kwenye begi.

Vanishi yangu ilikuwa imekauka siku nyingi, kwa hiyo asitokee wa kuniambia nilikuwa na haraka. Nilianzia kwenye shina la bawa, rangi ikakimbia vizuri, nikaendelea na mistari iliyofuata kuelekea injini. Nilipotupa jicho nyuma, vanishi ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka, rangi ya fedha ikielea juu yake, na nilipojaribu kufuta, nyuzi za pamba zilinasa kwenye plastiki iliyokwisha kulainika. Harufu ya gereji ikajaa chumba kizima. Rangi halisi ya aina hii ni ya enameli, na kiyeyusho chake ni dhaifu, hakidhuru vanishi ya akriliki iliyokauka sawasawa. Ndiyo maana ukizidisha unaweza kufuta. Tina ya magari huyeyusha akriliki, kisha hushambulia polistirini, yaani plastiki ya ndege yenyewe, na mfereji wa ndege ya kipimo cha 1/72, iliyo ndogo mara 72 kuliko ya kweli, ukishayeyuka hauchongeki tena ukarudi ulivyokuwa.

Nilipompigia, alisema sikuitikisa chupa. Nilipomtumia picha, akanifungia mawasiliano. Huyu hastahili kuonywa kwa upole. Anastahili kukamatwa na kurudisha fedha ya kila mtu, pamoja na gharama za ndege alizoziharibu. Kugushi nembo ya biashara ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia. Mimi nimekwisha kuchukua RB polisi.

Kwa wale mnaotaka kuitambua: chupa halisi ni ya mililita 40 na brashi yake imeshikamana na kizibo, ilhali yangu haikuwa na brashi, na wino wa lebo ulichujuka kwa kidole chenye maji. Hakubali uifungue kabla ya kulipa. Akikubali, inuse, kisha weka tone kwenye kipande cha fremu ya plastiki iliyoshika vipuri vya ndege.

Nimeambiwa sasa anachukua oda za Moshi kwa picha zilezile za matangazo. Aliyenunua kwake asiitupe chupa hata kama ni tupu, aniandikie, tuzipeleke polisi kwa pamoja.